Kupunga Upepo, Kupunga Pepo

Oktoba 2015, Rais Jakaya Kikwete alizindua bomba la gesi linaloanzia Madimba, Mtwara Vijijini, na kukata zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Kampuni za Kichina ndizo zilizolijenga, kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mtwara ililipokea kwa machungu: Januari na Mei 2013 mji uliwaka moto, watu wakikataa gesi yao isafirishwe kabla wao hawajaona faida yake. Katika makelele hayo yote, jambo moja dogo la lugha lilipita bila kusikika. Gesi asilia kwa Kichina huitwa tianranqi. Silabi ya mwisho, qi, ndiyo ileile inayofungua neno qigong. Qi ni hewa, ni mvuke, ni pumzi inayoingia kifuani na kutoka. Kwa lugha yao wenyewe, wahandisi wale waliochimba mtaro Madimba walikuwa wanasafirisha qi.

Qigong ya mazoezi, ile ya kusimama kimya, kuinua mikono polepole na kuifuata pumzi hadi chini ya kitovu, haikuja na bomba. Kilichoufikia umma wa Tanzania kutoka kwenye tiba ya Wachina ni sindano na vidonge. Lakini pwani hii ya kusini, kuanzia Lindi na Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma, haikuwa imekaa ikingoja kufundishwa kupumua. Ina historia yake ndefu ya kutafuta nafuu kwa pumzi, kwa mdundo na kwa mwili unaokwenda pamoja na miili mingine. Na historia hiyo inafanana na ya qigong mahali ambapo wengi hawangetazamia: kila watu walipokusanyika wakapumua kwa pamoja, alitokea mtawala akashtuka.

Kwanza jina. Qigong, kwa maana linayobeba leo, si neno la kale kama linavyodhaniwa. Mazoezi ndiyo ya kale. Mwaka 1973 wanaakiolojia walifukua kaburi huko Mawangdui, karibu na Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44, wake kwa waume, wakijinyoosha, wakiinama na kuinua mikono. Tabibu Hua Tuo, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, husifiwa kwa kutunga mchezo wa wanyama watano: simbamarara, kulungu, dubu, nyani na ndege. Kwa karne nyingi mazoezi ya namna hiyo yalikuwa na majina tele, kila hekalu na kila mwalimu na lake. Mwaka 1949 ndipo makada wachache wa Chama cha Kikomunisti kaskazini mwa China walipochagua jina moja la kuyakusanya. Mmoja wao, Liu Guizhen, alikuwa amerudi kijijini akiwa hoi kwa vidonda vya tumbo, akafundishwa kukaa, kutulia na kupumua, na baada ya siku 102 akarudi kazini mzima.

Jina qigong basi ni rika la bandari ya Mtwara, iliyokuwa ikijengwa miaka hiyohiyo kwa ajili ya karanga za Nachingwea ambazo hazikupata kuota kama Waingereza walivyoahidi.

Mswahili akielezwa kwamba neno moja laweza kuwa hewa, pumzi na nguvu ya uhai, hashangai. Lugha yake inafanya hivyohivyo. Anayechoka hupumzika, na ndani ya kupumzika mna pumzi. Upepo unaotikisa minazi na pepo anayempanda mtu kichwani ni ndugu wa shina moja. Zaidi ya yote kuna kitenzi kupunga. Jioni watu wa Mtwara hushuka Shangani kupunga upepo: kukaa ufukoni, kulegeza shingo, kuiacha bahari ipulize uchovu wa mchana. Na mgonjwa wa majini hupelekwa kwa fundi kupungwa pepo. Kitenzi ni kimoja kwa burudani na kwa tiba.

Tiba hiyo ya kupunga iliandikwa mapema. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina Desturi za Wasuaheli, aliieleza kama mtu aliyeiona kwa macho. Mgonjwa hufukizwa ubani, huimbiwa, hupigiwa ngoma hadi pepo apande, ajitaje na aseme anataka nini. Mgonjwa mwenyewe huitwa kiti, kwa kuwa pepo humkalia. Msomaji wa leo anaweza kuamini majini au asiamini. Lakini akiutazama mwili tu, ataona mambo matatu yanayotendeka: mtu anavuta moshi wenye harufu kwa pumzi ndefu, anatikisa kichwa na mabega kwa mdundo usiokatika, na anafanya hivyo katikati ya watu waliomjia yeye, siku baada ya siku. Aliyekuwa amejikunja kitandani peke yake sasa yuko wima na jasho linamtoka.

Kusini sanaa hizi zilikuwa na mizizi miwili. Mmoja ulitoka baharini, mwingine nyanda za juu. Kilwa ilijaa vyombo vya Kichina na vya Kiajemi ambavyo vigae vyake vinaokotwa hadi leo. Lakini uchimbuaji wa akiolojia uliofanywa Mikindani karne hii umeonyesha picha nyingine: katika karne za mwanzo za milenia ya pili, Kilwa ilipokuwa inapanda, bidhaa za ng'ambo Mikindani zilikuwa haba, na vyungu vyake vilifanana na vya bara. Mji ulikuwa umeupa mgongo utajiri wa majahazi na kuelekeza uso kwenye nyanda walikokuja kujulikana Wamakonde, Wamwera na Wayao. Ndiyo sababu hata leo kuutafuta mwili wa Mtwara kwa kuangalia bahari peke yake ni kuona nusu ya jambo. Nusu ya pili iko Newala na Masasi, kwenye jando na unyago.

Mgeni wa kwanza kwenda huko na mashine ya kunasa mwendo alikuwa Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya elimu ya makabila huko Leipzig. Mwaka 1906 alikuwa na nia ya kwenda kaskazini, lakini vita na machafuko vikamzuia, akaletwa Lindi wakati moshi wa vita vya Maji Maji ulikuwa bado haujatulia. Alipanda hadi Masasi na Newala akiwa na fonografu ya silinda za nta, kamera na sinema. Alinasa nyimbo, akapiga picha wacheza midimu waliovaa vinyago na kutembea juu ya miti mirefu, akaruhusiwa kuona sehemu za unyago ambazo kwa kawaida mwanamume hazioni. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1909.

Weule alikuwa mtazamaji makini, na pia mtu wa zama zake, mwepesi wa kucheka asichokielewa. Aliona ngoma kama mchezo na kama kielelezo cha makumbusho. Somo lililokuwa likifundishwa ndani yake lilimpita. Unyago ni shule ya mwili kabla ya kuwa sherehe. Mwari hufundishwa kukaa, kutembea, kulegeza kiuno na kukikaza, kuujua mwezi wake, kustahimili maumivu bila kupiga kelele, kuupokea uzazi. Mafunzo hayo hayakuandikwa daftarini. Yaliingizwa kwa nyimbo na kwa kurudia, na kungwi alikuwa akiusahihisha mgongo wa mwari kwa mkono wake kama mwalimu wa qigong anavyosahihisha bega la mwanafunzi.

Miaka hiyohiyo, chini kwenye miji ya pwani, kulikuwa kumeingia desturi nyingine ya pumzi, na hiyo ndiyo iliyowatia Wajerumani hofu.

Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, khalifa wa tarika ya Qadiriyya, alikuwa amepokewa kwa heshima Unguja katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, waliieneza zikri kuelekea Tabora, Bagamoyo na pwani ya kusini. Shadhiliyya nayo ilikuja kwa njia ya Wangazija waliomfuata Sheikh Muhammad Maarufu, ikashika Kilwa na kuvuka hadi Kisiwa cha Msumbiji. Tarika hizi hazikumwuliza mtu nasaba yake. Uislamu wa kusoma vitabu ulikuwa mikononi mwa koo zenye majina. Katika duara la zikri alisimama mtumwa aliyeachwa huru jana, mpagazi, mwanamke wa Kiyao, askari. Alichohitaji kuwa nacho ni kifua.

Namna ya zikri ya Kiqadiri ni hii. Watu husimama safu au duara, bega kwa bega. Mwimbaji hupandisha kaswida, khalifa hukaa katikati na kuongoza mwendo. Huanza taratibu kwa shahada yote, mwili ukiinama na kuinuka. Kisha maneno hufupishwa, likabaki jina la Mwenyezi Mungu, na mwisho hubaki sauti tu inayotoka chini ya mbavu, nzito na kavu, kama kikohozi. Ndiyo maana watu wenyewe waliiita zikri ya kukohoa. Koo haliimbi tena. Kiwambo cha tumbo ndicho kinachofanya kazi. Mkono wa khalifa ukishuka, mwendo hupungua, pumzi hurefuka, na wote hukaa. Waliozoea husema kifua kinakuwa chepesi.

Julai na Agosti 1908 barua ilianza kuzunguka Lindi na miji jirani. Ilidai kutoka Makka, ikieleza ndoto ya mtu aliyezungumzishwa na Mtume: siku za mwisho ziko karibu, Waislamu watubu, waache mambo ya makafiri. Barua za aina hiyo zilikuwa zimewahi kuonekana sehemu nyingi za dunia ya Kiislamu. Lakini Lindi ya 1908 haikuwa mahali popote tu. Maji Maji ilikuwa imezimwa mwaka mmoja tu nyuma, kwa njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi, na mashina yake yalikuwa katika nchi hiyohiyo ya kusini. Misikiti ilipojaa ghafla, na zikri zikasikika usiku kutoka mitaa ya watu wa chini, maafisa wa Kijerumani waliona vita vipya. Walimshuku Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mfanyabiashara na mpiganaji wa zamani wa Ujiji aliyekuwa akiishi Unguja na kuwa na jamaa Lindi. Watu wakakamatwa, barua zikakusanywa.

Vita havikutokea. Mwaka 1911 mtaalamu wa Hamburg, Carl Heinrich Becker, alichapisha uchunguzi mrefu juu ya Uislamu wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akitumia maandishi na taarifa zilizopelekwa kwake kutoka koloni, na zikri ikawa miongoni mwa mambo aliyoyachambua. Kikohozi cha waja wa Mungu kikawa mada ya serikali.

Walichoogopa maafisa wale si neno lolote lililotamkwa. Maneno yalikuwa yaleyale ya msikitini. Walichoogopa ni kuona watu mia, wasio na cheo, wanaovuta pumzi kwa wakati mmoja bila kuamriwa na jumbe, liwali wala akida. Miaka mitatu nyuma maelfu walikuwa wamekunywa maji kwa imani moja. Mtawala aliyeona hilo alijua kwamba mwili uliokwisha kuungana na miili mingine hauhitaji hotuba.

China ilikuja kujifunza hivyohivyo, kwa hatua. Liu Guizhen alipopona, chama kilimpa hospitali. Mwaka 1955 ikafunguliwa nyumba ya matibabu Tangshan, kisha Beidaihe, mji wa pwani walikopumzika wakubwa wa chama. Mwaka 1957 kitabu chake cha tiba ya qigong kikachapishwa. Sharti lilikuwa kwamba mazoezi yaoshwe: miungu itoke, mizimu itoke, viapo kwa mwalimu vitoke, ibaki pumzi na mkao. Yalipokuja Mapinduzi ya Utamaduni hata pumzi iliyooshwa ilionekana uchafu, Liu akafukuzwa kazi na kuaibishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mama mmoja mchoraji, Guo Lin, aliyekuwa ameugua saratani, alianza kufundisha qigong ya kutembea katika bustani za Beijing, hadharani, kwa yeyote aliyetaka. Kufikia miaka ya 1980 bustani zilijaa.

Kusini mwa Tanganyika kuosha kwa namna hiyo kulikuwa kumeanza mapema zaidi, kwa mkono wa kanisa. Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana wa UMCA huko Masasi, baadaye askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo kuanzia 1926, aliona kwamba Wakristo wake hawataacha jando hata wakihubiriwa mwaka mzima. Akaamua kulibatiza. Kambi ikabaki, kutengwa kwa wavulana kukabaki, tohara ikabaki. Nyimbo na dawa alizoziona za kipagani zikatolewa, pakaingizwa misa, maungamo na mafunzo ya kanisa. Lucas alisifiwa Ulaya kwa busara hiyo. Wazee wa Masasi walikuwa na maoni yao juu ya nani hasa aliyembadilisha mwenzake, jando au kanisa.

Waingereza hawakuhofia zikri kama Wajerumani. Wao waliweka mpaka wao mahali pengine. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilimwacha mganga wa mitishamba apumue kidogo, lakini ilimtia mashakani kila aliyedai kuona kisichoonekana. Mtu aliyechemsha mizizi alikuwa na dawa. Aliyempunga mgonjwa kwa ngoma alikuwa na nini? Karani hakuwa na safu ya kuandika jibu.

Mpaka huo ulirithiwa. Baada ya Uhuru, Sindimba ya Wamakonde ilichukuliwa ikawa ngoma ya taifa, ikachezwa na kikundi cha taifa kilichoundwa mwaka 1963, viuno vikipigwa mbele ya wageni wa serikali na vikilalamikiwa na waliojiona wastaarabu. Ilitoka kwenye muktadha wa mafunzo ya mwili ikawa maonyesho. Mwaka 1974 kikaanzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Kazi yake ilikuwa ya maana: kukusanya majani na magome, kuyapeleka maabara, kujua kilichomo. Mwanaanthropolojia Stacey Langwick, aliyefanya utafiti wake Newala na kuchapisha kitabu mwaka 2011, ameonyesha jinsi mtazamo huo ulivyoigawa kazi ya waganga vipande viwili. Kile kinachotiwa kwenye chupa kikapata heshima. Kugusa, kukanda, kuimba na kuzungumza na kisichoonekana vikabaki nje ya mlango wa maabara. Hata Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, iliyowapa waganga baraza na usajili, imeandikwa na watu waliozoea kufikiria dawa kama kitu cha kushikika.

Ndani ya mpango huohuo ndimo tiba ya Kichina ilimoingia. Madaktari wa kwanza kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964, wakitokea jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara ikaanza kuwapokea wa Shandong mwaka 1968. Walikuwa madaktari wa upasuaji, wa wanawake, wa macho, na baadhi yao walileta sindano. Miaka ya 1970 wengine walifuatana na wajenzi wa reli ya TAZARA. Kisha, kuanzia miaka ya 1990, zikaja kliniki za watu binafsi katika Dar es Salaam na Unguja, zenye taa nyekundu, mabango ya joka na makabati ya vidonge. Elisabeth Hsu, msomi wa tiba ya Kichina aliyezichunguza, aligundua kwamba wagonjwa wa Kitanzania waliisifu dawa hiyo kwa jambo moja: inafanya kazi haraka. Huko kwao hekima yake husifiwa kwa kwenda polepole. Dawa ilivuka bahari ikabadilika tabia. Katika biashara ya kutaka nafuu ya leo leo, nani angenunua somo la kupumua kwa siku 102?

Huko China nako, Aprili 25, 1999, zaidi ya watu 10,000 walikusanyika kimya kuzunguka Zhongnanhai, makao ya viongozi wa China mjini Beijing. Walikuwa wafuasi wa Falun Gong, mojawapo ya makundi makubwa yaliyozaliwa na wimbi la qigong. Hawakubeba silaha wala kupiga kelele. Julai kundi likapigwa marufuku, na msako ukafuata. Makundi mengine mengi ya qigong nayo yakavunjwa. Serikali kisha ikaiweka pumzi chini ya idara ya michezo, ikachagua seti nne za mazoezi, ikazichapisha mwaka 2003 zikiwa na picha, hesabu na muziki rasmi. Seti hizo hufundishwa leo duniani kote kama qigong ya afya. Ukiiweka Beijing ya 1999 kando ya Lindi ya 1908, tofauti ni nyingi sana, za itikadi na za ukubwa. Mshtuko ni uleule.

Pwani ya kusini haikungoja serikali tena. Ugomvi juu ya zikri ulihamia ndani ya nyumba. Kuanzia miaka ya 1980 vijana waliosoma kwingine walirudi vijijini wakasema kukohoa si ibada, ni uzushi. Mwanahistoria Felicitas Becker, aliyeishi na kufanya utafiti Lindi na Mtwara mwanzoni mwa karne hii, alikuta vijiji vikibishana juu ya jambo linaloonekana dogo: maiti asindikizwe kaburini kwa sauti au kwa ukimya? Kwa wazee, kumwacha marehemu aende kimya ni kumtupa. Kwa vijana, sauti ile haikuwa na ushahidi. Nyuma ya hoja hizo mlikuwa na swali la nani mwenye mamlaka ya kuuongoza mwili wa umma, mzee mwenye tasbihi au kijana mwenye kitabu. Ng'ambo ya Ruvuma, katika pwani ya Msumbiji, dufu la tarika lilichukua njia nyingine kabisa. Likawa tufo, ngoma ya safu za wanawake walioketi au kupiga magoti, nyuso zikiwa zimepakwa msiro, mabega na viganja vikienda kama kitu kimoja.

Je, kuna kitu chochote kifuani kinachotendeka kweli? Desemba 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Walipima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka mantra ya yoga. Mambo yote mawili yaliwashusha hadi karibu pumzi 6 kwa dakika, na kwa mwendo huo mapigo ya moyo na mishipa ya damu vilianza kwenda kwa mawimbi yanayolingana, mwili ukidhibiti shinikizo lake vizuri zaidi. Waandishi wakaongeza kidokezo cha historia: rozari iliingia Ulaya kwa wapiganaji wa msalaba, walioipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa watawa wa Tibet na wana-yoga wa India. Kwa mkoa wa Mtwara kidokezo hicho si habari ya mbali. Tasbihi za Mikindani na rozari za Ndanda, walikofika watawa Wabenediktini mwaka 1906, zinatofautiana idadi ya shanga na jina linalotajwa. Kidole kinachosogeza na pumzi inayosubiri ni mamoja.

Tahadhari inahitajika hapa. Kilichopimwa ni pumzi ya taratibu. Kukohoa kwa zikri katika kilele chake ni mbio, na mwenye moyo mgonjwa hukaa pembeni. Tafiti nyingi za qigong nazo ni ndogo, na yale yanayoelekea kuthibitika ni ya kiasi: nafuu kidogo ya shinikizo la damu, mizani bora ya mwili kwa wazee, usingizi. Hakuna duara lililotibu malaria. Katika seti zile nne za 2003 kuna moja iitwayo sauti sita, ambayo asili yake hupelekwa kwa Tao Hongjing aliyefariki mwaka 536. Mtu hutoa pumzi kwa sauti sita tofauti, kila moja ikipewa kiungo chake: ini, moyo, mapafu na vinginevyo. Ya wengu ni hu. Aliyewahi kusimama katika zikri ataitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo sauti inayobaki mwisho, maneno mengine yote yakiisha kufupishwa. Kwa mmoja ni dawa ya wengu, kwa mwingine ni kumtaja Yeye. Hazina uhusiano wa ukoo. Ila vifua vya watu vimeumbwa namna moja, na pumzi ikisukumwa hadi mwisho wake hutoka kwa sauti chache tu.

Leo Mtwara ina hospitali ya kanda, ina maduka ya dawa, na kwenye simu kuna wakufunzi wa kila zoezi chini ya jua, qigong ikiwemo. Unyago bado unachezwa baada ya korosho kuuzwa, mfupi kuliko zamani, na redio kubwa mahali pa ngoma zilizopungua. Mfungo Sita ukiandama, maulidi husomwa, na katika mitaa mingine zikri huendelea hadi alfajiri huku majirani wengine wakifunga madirisha.

Na jioni, kusi likianza kutulia, watu hushuka Shangani. Mama ntilie aliyesimama tangu asubuhi, bodaboda aliyekunja mgongo siku nzima, mwalimu aliyestaafu na fimbo yake. Hukaa juu ya mchanga au kwenye gogo, hutazama maji yakirudi, hunyoosha miguu. Ukimwuliza mmoja wao anafanya nini hapo, jibu ni lilelile lililokuwako kabla ya bomba, kabla ya Weule na fonografu yake: napunga upepo.